Maji Niliyomimina Kwenye Rejeta Yako

Furaha mwanangu,

Saa hii uko gereji kwa Uncle Siva, umelala chini ya gari lako, mikono mafuta matupu, na mimi niko hapa kwetu Overport, ghorofa ya tatu, kwenye meza ya jikoni, nimeshika kalamu ya biki ya papa yako. Tumenuniana tangu mchana. Nilisikia ulivyoshuka ngazi, nikasikia ulivyoubamiza mlango wa chini, nikasema moyoni: huyo ni mimi mtupu. Papa yako akikasirika analala. Sisi wawili tukikasirika, jengo zima linajua.

Basi ngoja niandike, maana kwa mdomo ninaharibu. Leo umeshuhudia.

Sitakuandikia habari za soksi. Sitakuandikia kula vizuri, kulala mapema, kutafuta kanisa. Mambo ya kupunguza upepo kwenye matairi, minyororo, koleo, blanketi, chakula cha kukaa kwenye gari, Uncle Siva ameyarudia mpaka hata mimi, ambaye sijawahi kushika usukani, ninaweza kusimama nikayafundisha. Wewe unayajua kuliko sisi wote. Mimi ninajua kitu kimoja tu, nilikijua kwa maumivu, na mchana wa leo nikajifanya sikijui.

Nianze na maji.

Utasema, mama, tena? Ndiyo, tena. Kesho alfajiri unaondoka na kundi la Uncle Siva, magari manane, kupanda milima ya Eastern Cape ambako wanasema theluji imefika magotini na mahali pengine kiunoni. Wenzako wanakwenda kucheza na magari yao, halafu warudi Durban kwenye joto. Wewe hurudi nao. Utabaki huko juu kwenye gereji ya yule bibi anayevuta magari yaliyokwama. Kazi umeitafuta mwenyewe, chumba umekipata mwenyewe, na kabati lako hapa limebaki na hanga tupu. Mama akiangalia hanga tupu hafikiri vizuri. Sijitetei, ninaeleza tu.

Kwa hiyo ulipokwenda Greyville asubuhi kutafuta glavu, nilichukua ile galoni ya maji tuliyoyaombea kanisani. Wamama wote tulifunga kwa ajili ya safari yako, tukalia, pastor akaweka mikono juu ya galoni. Nikashuka nayo mpaka uani, goti langu bovu na yote. Nikitaka kuharibu, goti huwa linaniruhusu. Nikafungua boneti, nikafungua kifuniko cha rejeta, nikachungulia. Naona maji ya kijani! Kijani cha sumu! Nikasema, Mungu wangu, mtoto wangu anapanda mlima na uchafu huu? Zamani nilishamwona papa yako akifungua kile kibomba cha chini. Nikakifungua. Nikayakinga kwenye beseni, beseni nikalimwaga, halafu nikajaza maji yetu, meupe, masafi, na wimbo juu yake. Nikafunga boneti, nikaiwekea mkono, nikasema sasa nenda hata mwisho wa dunia.

Uliporudi ukafungua kuangalia kwa mara ya mwisho, kwa sababu wewe ni mtu wa kuangalia kwa mara ya mwisho, na kwa hilo ninamshukuru Mungu kuliko kwa galoni. Sauti yako ilipanda ngazi kabla yako.

"Eish, mama! Nani amegusa hii rejeta?"

"Ni mimi. Nimetoa ile uchafu yako."

"Uchafu? Ile ndiyo dawa, mama! Bila ile, usiku maji itaganda, injini itapasuka! Unataka nibaki kule juu na injini imepasuka?"

"Maji iliyoombewa haipasui kitu."

Hapo ndipo ninapojicheka sasa, na kucheka kwenyewe kunauma. Kwa sababu mimi ni nani? Mimi si ndiye Mama Furaha wa tangawizi? Kila Jumamosi ninajaza chupa zangu za kioo, ninaziweka kwenye friza, Jumapili ninauza baada ya ibada. Na kila nikijisahau nikajaza chupa mpaka shingoni, ninakuta imepasuka, na ni wewe ninayekutuma kuokota vioo. Yakiganda yanavimba, yakivimba yanatafuta pa kutokea. Nilijua jikoni, nikasahau uani. Na tangawizi yangu nayo huwa ninaiombea, usidhani.

Uncle Siva alipokuja kuangalia, alichovya kidole, akanusa, akanigeukia na ule uso wake usioonyesha kama anacheka. "Aunty," akaniambia, "imani yako ina nguvu, lakini injini hii si muumini wa kanisa lenu." Wewe ulicheka. Ndipo nilipochemka. Si kwa sababu ya injini, ni kwa sababu ulicheka mbele ya mtu. Nikasema mengi, ukasema mengi. Ukasema, "Mama, kila kitu ninachofanya, lazima wewe uingize mkono." Na mimi nikasema lile neno. Nikasema kesho sishuki kukuaga, na baraka yangu usiiombe, nenda na dawa yako ya kijani.

Nyamaza kidogo hapo, usiruke mistari. Wewe umezaliwa hapa Durban, Kizulu chako kinapita Kiswahili chako, lakini hilo la kwetu unalijua: mtoto haanzi safari kabla mkono wa mzazi haujagusa kichwa chake. Ndiyo maana uso wako ulibadilika. Niliuona. Niliuona kabisa, na bado sikurudisha neno. Nilikaa nalo mdomoni mpaka ukatoka.

Papa yako alikuwa anavaa viatu vya kazi, anakwenda kulinda jengo lake la Berea. Alifunga kamba za kiatu kimoja, akafunga na cha pili, akasimama mlangoni, akasema, "Mama Furaha, umepanda tena juu ya magunia." Akaenda zake.

Mwanamume huyu anasema sentensi moja kwa wiki, na hiyo moja inakunyima usingizi.

Kisa cha magunia unakijua, lakini umekisikia kwa ufupi, na siku zote nilijipa sehemu nzuri. Leo kichukue chote.

Nilikuwa na umri wako. Nyumbani Bukavu, biashara yangu ilikuwa chumvi na sabuni. Ninanunua mjini, ninapakia kwenye kamio, lori la mizigo, ninaingia nayo msituni ndani kabisa, ninauza, ninarudi na mawese. Ile barabara hujaiona, na sikuombei uione. Mvua ikishanyesha, hapakuwa na barabara tena, palikuwa na uji. Kamio zilikwenda kwa msafara, kwa sababu kule ukienda peke yako hutoki. Sisi wenye mizigo tulikaa juu kabisa, kila mtu juu ya magunia yake, tumefunikwa na turubai, tunakula juu, tunasinzia juu, tunagombana juu.

Iko sheria moja pale, hata mtoto aliijua: kamio ikifika kwenye shimo baya, watu wote wanashuka. Si kwa ajili ya kusukuma tu. Kamio yenye watu juu inayumba, na ikishaanza kuyumba hairudi. Wajawazito walishuka, wakashikwa mikono. Wachungaji walishuka na suti zao. Hakuna mtu aliyeuliza kwa nini.

Siku ile, chauffeur wetu, Papa Zakaria, alisimama mbele ya shimo, akaliangalia, akapiga bodi ya gari kwa kiganja: "Mushuke bote! Bote chini!" Wakashuka. Mimi nikabaki. Usiku uliopita gunia langu moja lilitoboka, chumvi ikapungua, na nilikuwa nimeshaamua nani mwizi. Ni Mama Riziki, jirani yangu pale juu, ambaye tuligombana tangu Bukavu kwa ajili ya mahali pa kuweka miguu. Nilimwita mwizi mbele ya wote. Sasa nishuke nimwachie magunia? Mimi?

"Ee, mama ya chumvi! Unangoja nini?"

"Nendeni. Mimi mwepesi, gari haitanisikia."

Papa Zakaria alikuja mpaka chini yangu, mvua inamchuruzika kwenye pua. "Mama, mimi siwezi kuendesha wewe uko juu."

"Basi usiendeshe."

Wakangoja. Kamio za nyuma zikaanza kupiga honi. Watu wakanitukana, wakanibembeleza, wakanitukana tena. Mimi nimekaa juu ya chumvi, nimeshikilia kamba, shingo imenyooka. Mwisho giza lilikuwa linakuja, mzee wa watu akachoka, akapanda, akawasha.

Sasa sikia vizuri, mwanangu, kwa sababu sehemu hii ndiyo nilikuwa ninaikata. Kamio haikuanguka ghafla. Ililala polepole, jinsi ng'ombe anavyojilaza. Nilikuwa na muda. Watu wote chini walipiga kelele, ruka, ruka! Nilikuwa na muda wa kuruka mara mbili, na mimi nikakumbatia gunia.

Sikumbuki kuanguka. Ninakumbuka matope mdomoni na gunia la chumvi juu ya goti hili. Na mtu wa kwanza kuingia kwenye lile shimo, mpaka kifuani, alikuwa Mama Riziki. Alichimba kwa mikono. Alivua kitenge chake cha juu, akanifunga mguu, akaniambia sikioni, "Mwizi wako amefika. Shika shingo yangu." Nikaishika. Alinitoa akiwa na yule jamaa aliyenitukana kuliko wote, na wakanibeba kwa zamu mpaka kwenye kamio ya nyuma. Chumvi yangu yote iliyeyuka ndani ya shimo. Na lile gunia lililotoboka? Ulikuwa msumari wa bodi ya gari. Waliuona wakati wanapakua.

Sikumwomba Mama Riziki msamaha. Nilimnunulia kitenge kipya, nikampelekea kwa mkono wa mtu mwingine. Nilidhani kitenge kimesema. Kitenge hakisemi, mwanangu. Ningekuwa na miguu yote miwili mizima siku ile ningekwenda mwenyewe, hivyo ndivyo nilivyojiambia, na mguu ulipopona nikapata sababu nyingine.

Utafikiri hapo nilijifunza. Nilijifunza habari za kamio tu.

Kwa sababu wewe ulipomaliza shule, nilikuwa nimeshakuwekea kiti pale saluni Greyville, karibu na changu, na kioo chako mwenyewe. Ukaniambia unakwenda kwa Uncle Siva kujifunza gereji. Nilisema sikuvuka nchi zote hizo ili binti yangu alale chini ya magari ya watu. Na nikapanda tena juu. Mwaka mzima sikukanyaga pale, na ni robot mbili tu, taa mbili za barabarani, kutoka hapa! Ulikuwa unarudi jioni na mikono nyeusi, mimi ninakutengea sabuni yako pembeni kana kwamba ni mgeni. Ijumaa Uncle Siva anakupa bakuli la biriani ya mke wake uniletee. Biriani niliila, sitasema uongo, niliila mpaka nikakwangua. Lakini kwenda? Siendi.

Unajua kilichonitoa? Mabakuli. Yalijaa kwenye kabati, na kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Nikapika sombe ya majani ya muhogo, nikajaza bakuli moja, nikayabeba yote, nikaenda ili nimalize deni la mabakuli, si ili nikuone. Kufika, naona miguu miwili imetoka chini ya gari, imevaa viatu vyangu vya zamani. Na chini ya gari mtu anaimba wimbo wetu wa kwaya, anaupotosha vibaya sana. Ulikuwa na furaha, Furaha. Mwaka mzima ulikuwa na furaha robot mbili kutoka kwangu, na mimi nimekaa hapa juu nimekasirika. Nilisimama na sombe yangu nikalia mpaka mke wa Uncle Siva akaniletea kiti.

Hayo yalikuwa yangu. Sasa nije kwako.

Jumapili Uncle Siva alipokusanya kundi lote pale gereji kupanga safari, na wamama tukaja na chakula, nilimsikia anapanga magari. Yeye mbele. Halafu huyu, halafu yule. Halafu akasema, "Furaha, wewe nyuma kabisa." Damu yangu ikapanda. Nikasema kwa sauti, watu wote wanasikia: kwa nini mtoto wangu nyuma? Kwa sababu sisi ni wakimbizi? Ulitamani ardhi ipasuke, nilikuona. Uncle Siva akaweka karatasi yake chini, akanieleza polepole. Gari la nyuma ndilo linaloona wote. Mtu akikwama, wa nyuma ndiye anamkuta. Ndiyo maana pale wanamweka fundi, na kamba, na jeki kubwa. "Lakini aunty," akasema, "wa nyuma yeye akikwama, hakuna anayemwona. Kwa hiyo mimi kila baada ya muda nitaita kwenye redio, gari la mwisho, uko? Na asipojibu, magari yote yanasimama. Hakuna anayesogea mpaka ajibu."

Nilikaa chini. Na alipoongeza kwamba mwaka huu kundi halivuki mpaka kuingia Lesotho kama walivyozoea, wamechagua milima ya upande huu, na hakusema sababu, mimi sababu niliijua. Ni makaratasi yako. Makaratasi yetu hayavuki mpaka. Watu wa magari saba walibadilisha njia yao na hakuna aliyekuambia kitu. Nikaona kumbe mtoto wangu amepata watu.

Kwa hiyo siogopi theluji. Nakuambia ukweli, niliogopa, lakini siogopi tena. Mtu aliyeichukua bakkie, pick-up iliyokuwa ya kutupwa, akaifungua vipande vipande, akairudisha mpaka inanguruma vizuri hivi, huyo theluji itamheshimu. Una macho, una mikono, una subira na vyuma. Ninachoogopa ni kimoja, nacho hakitoki mlimani. Kimetoka kwangu.

Una shingo yangu.

Unakumbuka ulipoinua ile gia-boksi peke yako, na Uncle Siva yuko pale pale anakunywa chai? Ulitembea umeinama wiki nzima, ukasema umelala vibaya. Mimi ninayejua watu wanavyolala, sikusema kitu, nikakukanda mgongo na mafuta ya moto, na moyoni nilijisikia vizuri. Nilisema, mwanangu mgumu. Nilikosea. Ningekuambia siku ile: mjinga wee, mtu alikuwa hatua tatu, kwa nini hukumwita?

Huko juu utakuwa gari la mwisho. Wewe ndiye utakayewatoa wengine kwenye theluji, na mtu anayetoa wengine anaona aibu sana siku yeye anakwama. Ninakujua. Utatoka, utachimba kimya kimya, utasema ngoja kidogo, nitatoka mwenyewe, wasijue. Na redio itaita, gari la mwisho, uko? Na wewe utasema, niko, sawa sawa, sharp, kumbe umezama mpaka kwenye milango na usiku unaingia. Hiyo sharp ndiyo ninayoiogopa, mwanangu. Theluji Mungu ataiyeyusha.

Ukikwama, sema umekwama. Sema mapema, wakati gari bado linalala polepole, wakati bado upo muda wa kuruka. Watakucheka. Waache. Mimi walinicheka leo, na nimeshapika ugali nikala, bado niko hai. Na siku ukiwa kwenye gereji ile mpya, umekosea, umeharibu gari la mtu, au umekosana na yule bibi, au umelia tu chumbani bila sababu kwa sababu baridi na upweke vinafanya hivyo, usikae juu ya magunia ukingoja yaishe. Piga simu. Na ukimkosea mtu, usimtumie kitenge. Nenda kwa miguu yako.

Mimi sitaacha kuingiza mkono. Nitakudanganya nikisema nitaacha. Nitapiga simu kumuuliza yule bibi kama unakula. Lakini nitauliza kwanza kabla ya kufungua kifuniko chochote chenye maji ya kijani, hilo ninaahidi.

Uncle Siva amenipigia sasa hivi. Anasema mmeosha rejeta yote, mmeondoa kila tone la maji yangu hata yaliyojificha ndani ya injini, mmejaza dawa mpya, na amepima na kile kipimo chake, haigandi hata malaika akipuliza. Nikamwuliza umekula. Akasema umekula sombe yangu iliyokuwa kwenye friji yao. Nikamwambia, Uncle, kosa la leo ni langu. Akasema, "Aunty, usiniambie mimi." Ana haki. Kwa hiyo ninakuambia wewe: nilikosea, Furaha. Si katika kukuombea. Nilikosea kuyapeleka maombi mahali ambapo ulishafanya kazi yako vizuri, kana kwamba Mungu hakuwa ndani ya kazi yako. Na nilikosea zaidi kukunyima mkono wangu. Baraka haikuwa yangu ya kunyima.

Barua hii ninaiweka juu ya glavu zako hapa mezani, uikute usiku huu ukirudi kulala, maana glavu huwezi kuzisahau. Kwenye galoni maji yamebaki kidogo. Nimeyatia kwenye chupa ya tangawizi, sikuijaza mpaka shingoni. Hayo si ya gari. Ni ya kichwa chako.

Kesho alfajiri ukishashuka usipande tena kuniamsha, na usimtume papa yako akitoka kazini. Washa gari, liache lipate joto, waambie wenzako wangoje kidogo, kuna mwanamke mmoja mzito na ngazi ni nyingi. Piga honi mara moja.

Ninashuka.

Mama yako